Nimeambiwa niwe kiongozi wa zamu, lakini niwakate wenzangu mshahara kwa kuku aliyepotea

Shangazi,

Nakusalimu kwa heshima, na natumaini u mzima pamoja na wa kwako wote. Mimi ni binti wa miaka 24, mzaliwa wa Busia upande wa Uganda. Sasa niko Kampala, nimepanga muzigo, yaani chumba kimoja, Kireka, na kazi yangu ni ya jikoni katika mgahawa wa kuku na chipsi. Jina la mgahawa nalihifadhi kwa sababu bado natafuta riziki pale.

Wanaoingia mbele na kununua pakiti yao hawajui nyuma ya ule ukuta kuna nini. Naingia saa tisa alasiri. Kabla ya wateja wa jioni tunakuwa tumeshamtoa kuku kwenye friji, tumempaka viungo na unga, tumechuja mafuta ya jana, tumekata kabeji na tumesogeza mifuko ya chipsi zilizogandishwa karibu na fraya, mashine ya kukaangia. Saa hiyo ya kwanza ni nzuri. Tunaongea, tunacheka, Kiganda na Kiswahili vinachanganyika. Ikifika saa kumi na mbili maongezi yanakwisha. Risiti za oda zinatoka mfululizo, taima za fraya zinalia tatu kwa pamoja, wa kaunta anaita "mapaja manne, mbawa sita!", na vijana wa boda wanagonga dirisha la nyuma wakitaka mizigo yao. Mvua ikinyesha ndiyo inazidi, maana hakuna anayetoka nyumbani, kila mtu anaagiza kwa simu. Ijumaa ya mwisho wa mwezi sipati hata nafasi ya kunywa maji. Mafuta yako kwenye nyuzi 175, mimi nimesimama mbele yake, sakafu inateleza, halafu nikiingia chumba cha baridi kuchukua kuku jasho linanipoa mgongoni mpaka natetemeka.

Hata hivyo Shangazi, kazi yenyewe naipenda na nimeijua. Siku hizi taima naisikia kama nyongeza tu. Mafuta yanapopunguza kelele najua maji yamekwisha ndani ya chipsi na ni wakati wa kuinua kikapu. Meneja akitaka kula, huuliza kwanza kama ni mimi niliye kwenye fraya.

Yanayonikondesha ni mengine. Ratiba iliyobandikwa ukutani inasema tunatoka saa tano usiku. Lakini kufunga jiko ni kuosha grili, kumwaga mafuta, kupiga deki na kuhesabu mali, kwa hiyo tunatoka saa saba, siku sita kwa wiki. Zile saa mbili za mwisho hatulipwi. Teksi za Kireka zimeshapungua, boda anataja bei anayotaka. Nimepita mwaka pale na sijaona karatasi ya mkataba. Wanasema sisi ni vibarua. Mshahara ni shilingi 300,000 kwa mwezi, unaingia kwenye simu, na michango ya NSSF, mfuko wa akiba ya wafanyakazi, sijawahi kuisikia.

Usiku mmoja wakati wa kumwaga mafuta bomba lilichomoka, mafuta yakanipata mkono kuanzia kiwiko hadi karibu na kifundo. Supavaiza alinipaka dawa ya meno. Kliniki nilijilipia, na kesho yake nilikwenda kazini kwa sababu siku ya kukosa haina malipo. Jeraha limefunga, ila ngozi inavuta na vidole viwili sivikunji vizuri.

Sasa jambo lililonifanya nikuandikie. Kila mwisho wa mwezi meneja anahesabu vipande vya kuku. Vikipungua, hasara inagawanywa kwa wote waliokuwa zamu. Mwezi uliopita nilikatwa 45,000. Sijawahi kuiba hata bawa, na sijamwona mwenzangu akiiba. Kuku asiyeuzwa usiku haturuhusiwi hata kumwonja: anatiwa kwenye mfuko na kumwagiwa sabuni mbele ya macho yetu, wakati sisi tulikula posho, yaani ugali, na maharage saa nane mchana.

Wiki hii meneja ameniita ofisini. Anataka niwe kiongozi wa zamu, na ataniongeza 80,000. Nilifurahi mpaka aliposema kazi mojawapo ni kuandika orodha ya makato: nani alipe kiasi gani, na nitie sahihi. Anayekatwa zaidi siku zote ni dada mmoja kutoka Goma, Kongo, anayeosha vyombo. Yeye ni mkimbizi, ana kadi yake, lakini wameshamwambia kwamba karatasi zake hazitoshi, kwa hiyo ananyamaza.

Nimempigia mama. Mama anauza mukene, wale dagaa wadogo, sokoni Busia na amenisomesha kwa biashara hiyo. Ameniambia "kazi mbaya si mchezo mwema, chukua ukubwa huo, usilete maneno." Rafiki yangu naye ananiita nirudi nyumbani tufungue kibanda cha chipsi karibu na mpaka. Shangazi, nikubali? Nikikataa watanifukuza? Na huu ugumu ninaouona, ni kawaida ya kazi hii au nimeangukia pabaya?

Ni mimi,
Mkaanga Chipsi, Kireka

SHANGAZI ANAJIBU

Mwanangu, nianze na mkono, kwa sababu meneja anaweza kusubiri lakini vidole haviwezi.

Ngozi iliyoungua ikipona kwa kuvuta, kiungo kinaweza kubaki kimekunjamana maisha yako yote kama hakikufanyiwa mazoezi mapema. Usikubali mtu akuambie "limeshafunga, basi." Hospitali ya Rufaa ya Kiruddu, hapo hapo Kampala, ndiyo yenye kitengo cha majeraha ya moto na upasuaji wa kurekebisha ngozi. Nenda uonyeshe vidole hivyo viwili na uulize kuhusu mazoezi ya viungo. Kila karatasi utakayopewa itunze, na ile risiti ya kliniki ya mwanzo itafute hadi uipate.

Na hili liwafikie wote walio kwenye majiko kama lako. Mtu akiungua, mkono unawekwa chini ya maji ya bomba yanayotiririka, ya baridi ya kawaida, kwa dakika 20. Dakika 20 kwa saa, hata kama oda zinapiga kelele. Pete na saa zivuliwe kabla mkono haujavimba. Barafu hapana, samli hapana, yai hapana, na dawa ya meno hapana kabisa: inazuia joto lisitoke, inachafua jeraha, na daktari analazimika kuikwangua ili aone kilicho chini. Malengelenge yasipasuliwe. Supavaiza wako hakuwa na nia mbaya, najua, lakini jiko linalochemsha mafuta kila siku bila mtu hata mmoja anayejua haya ni jiko linalocheza na miili ya watoto wa watu.

Mimi nimekaa jikoni kwenye mahoteli miaka mingi kabla ya kuanza kuandika safu hii, na nakuambia kwamba ajali nyingi za mafuta ninazozijua hazikutokea wakati oda zimesongamana. Zilitokea wakati wa kufunga, kama yako. Watu wamechoka, kila mmoja anawaza teksi, na mafuta yanamwagwa yakiwa bado moto sana kwa sababu kuyasubiri yapoe ni kukaa zaidi bila malipo. Unaona mambo yanavyofuatana? Zile saa mbili zisizolipwa na mkono wako ni jambo moja. Mwajiri angekuwa anazilipa, angekuwa na sababu ya kupanga kazi ya kufunga vizuri, na nyinyi msingekuwa na sababu ya kuikimbiza.

Umeuliza kama ugumu huu ni kawaida. Nitautenganisha mara mbili, nawe ushike mgawanyo huo popote utakapofanya kazi.

Joto ni la kazi. Kusimama ni kwa kazi. Harufu ya mafuta inayokufuata hadi kitandani, taima, makelele, Ijumaa ya mwisho wa mwezi, usiku wa mechi kubwa ya mpira ambapo mji mzima unataka mbawa kwa dakika zile zile 15 za mapumziko: hayo yote ni ya kazi, na hata mgahawa ulio bora Kampala nzima unayo. Dawa yake ni viatu visivyoteleza, chupa ya maji unayoiweka mahali ambapo mkono unafika, kubadilishana nafasi ili mtu asikae kwenye fraya zamu nzima, na ujuzi. Wewe ujuzi unao. Kusikia mafuta yakitulia ukajua chipsi zimeiva, hilo halifundishwi kwa maneno. Wewe ni fundi, na ningependa ujihesabu hivyo.

Makato si ya kazi. Saa za bure si za kazi. Kujilipia kliniki kwa jeraha la mgahawa si la kazi. Hayo ni maamuzi ya watu, na watu wanaweza kuyabadilisha.

Mama yako nampa heshima yake. Mwanamke aliyesomesha mtoto kwa mukene anajua uzito wa shilingi kuliko mimi na wewe. Methali aliyokupa ni ya kweli, na wewe huchezi, unafanya kazi. Lakini methali hiyo haisemi kwamba anayefanya kazi akatwe. Mweleze hivyo hivyo, taratibu.

Sasa tupige hesabu, chukua kalamu. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 imeweka wiki ya kazi kuwa saa 48. Zinaweza kuzidi, lakini zisivuke saa 10 kwa siku wala 56 kwa wiki, na kila saa ya ziada inalipwa mara moja na nusu. Ikiwa ni sikukuu ya taifa, mara mbili. Wewe kuanzia saa tisa alasiri hadi saa saba usiku ni saa 10. Mara siku sita, ni 60. Kwa hiyo umevuka hata ule mpaka wa juu. Mshahara wa 300,000 ukiugawa kwa saa za kawaida za mwezi, ambazo ni 208, saa moja yako ni kama shilingi 1,440. Saa ya ziada ni kama 2,160. Unafanya 12 kwa wiki, hiyo ni karibu 26,000. Kwa mwezi inapita laki moja.

Meneja anakuongeza 80,000. Yaani anakupa kwa mkono wa kulia sehemu tu ya kile anachokunyima kimyakimya kwa mkono wa kushoto, na bado anataka sahihi yako juu ya makato ya wenzako. Ukiingia ofisini kwake, ingia ukiijua hesabu hii.

Kuhusu ukubwa wa mshahara wenyewe, sheria ya Uganda haikusaidii, na inaniuma kuliandika hili. Kima cha chini cha mshahara kiliwekwa mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi. Bunge lilipitisha mswada wa kukibadilisha mwaka 2019, Rais akakataa kuutia sahihi. Ndiyo maana nasisitiza saa, makato na mkataba: hapo ndipo sheria inakushika mkono, basi hapo ndipo pa kusimama.

Mkataba. Kanuni za Ajira za mwaka 2011 zinasema mtu asishikwe kama kibarua zaidi ya miezi minne. Baada ya hapo anastahili mkataba wa maandishi na haki zote za mfanyakazi wa kudumu. Wewe umepita mwaka. Hata wakuite kibarua asubuhi na jioni, sheria haikuoni hivyo. Una haki ya siku moja nzima ya mapumziko kila wiki, likizo yenye malipo ambayo kwa mwaka ni siku 21, na ukiugua kazini au nyumbani una malipo ya siku za ugonjwa. Ile siku uliyokwenda na mkono umefungwa bandeji, ulistahili kuwa umelala na mshahara wako uko palepale.

NSSF: kila mwezi mwajiri anakata asilimia 5 ya mshahara wako na yeye anaweka asilimia 10 ya kwake. Kwa 300,000 ni 15,000 yako na 30,000 yake. Tangu marekebisho ya mwaka 2022 hili ni la lazima kwa kila mwajiri, hata mwenye wafanyakazi watatu. Unaweza kwenda ofisi yao yoyote na kitambulisho ukaulize kama jina lako limewahi kuandikishwa. Waombe wasimtajie meneja kwamba ulikuja.

Jeraha nalo lina sheria yake, Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi. Ukiumia ukiwa kazini, matibabu ni juu ya mwajiri, na kama kiungo kimepungua nguvu kwa kudumu, kuna fidia inayopimwa na daktari. Peleka taarifa ya maandishi sasa, hata kama walishuhudia kwa macho yao: tarehe, saa, ulikuwa unafanya nini, nani alikuwepo. Usichelewe, kwa sababu muda unakula madai. Na vifaa vya kujikinga, nikimaanisha glavu ndefu za joto, aproni nzito, viatu, ni mwajiri anayepaswa kuvitoa bila kukukata hata senti.

Nimefika kwa kuku.

Sheria inataja makato yanayoruhusiwa kwenye mshahara: kodi ya serikali, mchango wa akiba, ada ya chama cha wafanyakazi, kodi ya nyumba kama mwajiri amekupa pa kulala. Kuku aliyepungua, akagawanywa kwa kila aliyekuwa zamu bila ushahidi wa nani alifanya nini, hayumo. Hiyo ni adhabu ya jumla, na anayeandika orodha yake anashiriki.

Lakini kama mtu wa jikoni nataka kwenda mbali zaidi ya sheria, kwa sababu najua kuku hupotelea wapi. Mara nyingi hajaibwa. Kipande kinaanguka sakafuni saa mbili usiku, mtu anakitupa na kuendelea, hakuna anayeandika. Trei nzima inakaa kwenye joto hadi inakauka, inatupwa, haiandikwi. Mteja anarudisha oda ya boda iliyopoa, anapewa nyingine, haiandikwi. Mzigo unapokelewa asubuhi kwa kuhesabu maboksi badala ya vipande, kumbe boksi moja lina pungufu. Umeme unakatika usiku, friza inayeyuka, kuku anaharibika. Wa kaunta mwenye haraka anaweka mapaja badala ya bawa. Mwisho wa mwezi hayo yote yanajumlishwa na kuitwa wizi.

Dawa ya hilo ni daftari la hasara, kitabu cha kawaida cha mistari kilichofungwa kwa kamba kando ya pipa la taka. Kila kinachotupwa kinaandikwa: saa, kitu gani, vipande vingapi, kwa nini, nani ameona. Juu ya hilo, kuku ahesabiwe wakati wa kupokea na wakati wa kukabidhi zamu, watu wawili wakitia sahihi. Jiko likifanya hivi, tofauti isiyoelezeka inashuka sana, na ikibaki ndogo inajulikana ni ya zamu gani. Mwenye mgahawa ananufaika kuliko mtu yeyote. Hilo ndilo utakalompelekea meneja. Usiende kumwambia "makato ni haramu" halafu ukanyamaza. Mwambie una njia ya kumwonyesha kuku wake anakwenda wapi.

Na yule anayemwagiwa sabuni. Kuna sababu nzuri ya kutouza kuku aliyekaa muda mrefu: chakula kilichopikwa kikishuka chini ya nyuzi 60 na kukaa hivyo masaa, vijidudu vinazaliana hata kama harufu haijabadilika. Hapo siwalaumu. Lakini kumwaga sabuni mbele ya watu waliosimama saa 10 ni kuwadharau, na nasema hivyo bila kupunguza neno. Jiko lenye heshima linapunguza mapishi saa moja kabla ya kufunga ili kisibaki kingi, na linawapa wafanyakazi mlo mmoja wa moto katikati ya zamu. Mtu aliyeshiba haangalii paja la mteja kwa njaa. Ukiwa kiongozi wa zamu, hilo la kupunguza mapishi liko mikononi mwako kabisa.

Dada wa Goma. Mwambie kwa Kiswahili chenu, polepole, ili aelewe na asitishwe tena: Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kutafuta na kufanya kazi. Kadi yake ya ukimbizi ni karatasi tosha. Sheria ya Ajira inamlinda kama inavyokulinda wewe mwenye kitambulisho cha taifa, na kumkata zaidi kwa sababu ya anakotoka ni ubaguzi. Huyu ni mama au dada aliyekimbia na roho yake mkononi, akafika mji wa watu, akakubali kuosha masufuria ya wengine. Kumfanya kapu la hasara za mgahawa ni dhambi. Kama hawezi kusema peke yake, semeni naye.

Kibanda cha Busia nitakipitia haraka. Si wazo baya, mpaka una watu usiku na mchana. Ila leo ungekwenda kwa kukimbia, na fundi mzuri wa fraya bado hajawa mwenye biashara. Hujui kununua. Chipsi unazozijua zinakuja zimegandishwa na zimeshaiva nusu. Kwa viazi vibichi vya Kabale au Kisoro utalazimika kukaanga mara mbili, mara ya kwanza kwa moto mdogo ili viive ndani, mara ya pili kwa moto mkali ili vikauke nje. Ukivihifadhi kwenye friji wanga unageuka sukari, na vitakuwa vyeusi kabla ya kuiva. Hujui bado lita moja ya mafuta inabeba kilo ngapi kabla haijachoka. Kiongozi wa zamu hujifunza haya, kwa sababu anapokea mzigo na kuandika hesabu. Hiyo ni sababu moja ya kuutaka ukubwa huo. Mwambie rafiki yako asubiri, muweke akiba kila mmoja mahali pake.

Jibu langu basi: kubali, kwa masharti, na masharti yawe kwenye karatasi. Omba kuonana na meneja mchana, kabla ya jiko kuwaka, siyo usiku mmechoka. Mshukuru kwa kukuamini, maana heshima haiharibu madai. Kisha mwambie: "Naitaka kazi hii. Naomba barua yenye cheo, mshahara, saa za kazi na malipo ya saa za ziada. Naomba jina langu liende NSSF. Kuhusu kuku, nitaanzisha daftari la hasara na hesabu ya kukabidhiana zamu, na kila wiki nitakuletea. Orodha ya makato sitaweza kuiandika wala kuitia sahihi. Akipatikana mtu ameiba, kuna utaratibu wa nidhamu, aitwe, asikilizwe, yeye mwenyewe." Sema hivyo halafu unyamaze, umwache afikiri. Mgahawa unaomtegemea mtu mmoja kwenye fraya haumtupi ovyo, na yeye ndiye aliyekutafuta.

Usiende peke yako katika mambo yanayowahusu wote. Zungumza kwanza na wenzako wawili watatu unaowaamini, hasa yule wa zamu ya asubuhi. Kipo pia chama cha wafanyakazi wa hoteli, vyakula na supamaketi; kujiunga ni haki yenu na mwajiri haruhusiwi kuwafukuza kwa hilo.

Akikataa sharti la barua lakini akakubali la makato, chukua cheo kwa muda mfupi huku ukiendelea kudai barua. Akikataa la makato, baki kwenye fraya yako na ukubwa umwachie. Kuanzia leo andika kwenye daftari lako binafsi, lilale nyumbani, saa unayoingia na unayotoka kila siku, na picha ya ile ratiba ya ukutani uipige. Ujumbe wa mshahara kwenye simu usiufute. Ukiwa navyo, nenda kwa afisa wa kazi. Kila wilaya inatakiwa kuwa naye, na kwa Kampala yuko chini ya mamlaka ya jiji, KCCA. Humlipi, huhitaji wakili, na anao uwezo wa kumwita mwajiri na kuamua. Asipomaliza, shauri linakwenda Mahakama ya Kazi. Wakikufukuza kwa kudai haki, malalamiko yapeleke ndani ya miezi mitatu, na kumbuka kwamba aliyevuka mwaka kazini anastahili notisi ya mwezi mmoja au malipo yake.

Kiruddu uende kabla ya hayo yote.

Shangazi